Nilivyozitiisha Roboti za Depo

Jumatatu, 6 Oktoba
Roboti tatu zimefika depo yetu ya vipuri, njia ya Kipushi. Zinabeba mizigo zenyewe, bila dereva. Mama Céline wa usalama ametufundisha asubuhi nzima. Tusisimame kwenye njia ya manjano. Jicho la roboti liko chini: linaona miguu, halijui mzigo umechomoza kiasi gani mbele. Mimi nilikuwa nasoma historia ya migomo. Ijumaa tunachagua delege, mwakilishi wa wafanyakazi: mimi au Liévin, aliyeshinda miaka kumi na miwili kwa kutabasamu tu. Lazima nimwangushe!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesimama kwenye manjano. Nimeinua mkono. Roboti imesimama! Guelor, mpakiaji wetu, amepaza sauti mbele ya wote: "Papa Mwaba, hii mashine iko nakuogopa kupita batoto bako!" Makofi. Liévin akasema inasimama hata mbele ya ndoo. Wivu mtupu.

Jumatano, 8 Oktoba
Sasa wote wanasalimiana palepale kwenye manjano. Na kwetu humpiti mtu bila kumpa mkono na kuuliza habari za nyumbani. Roboti tatu zimepanga foleni, zikingoja Mama Exaucée, mfanyakazi mwenzetu, amalize kuulizia wakwe. Ushindi! Mama Céline akaja mbio: mkizoea kuzichezea, mtu ataumia. Nikamjibu dakika ishirini, nikianzia biashara ya shaba ya zamani. Aliondoka kabla sijafika uhuru. Amekimbia hoja!

Alhamisi, 9 Oktoba
Siku ya hotuba. Roboti tupu haitishi. Nikamwambia Guelor afunge juu yake mabomba ya mita nne, yachomoze mbele kama mizinga. Akauliza kama Mama Céline anajua. Nikamuuliza kama yeye ni mwanaume. Akafunga. Nikasimama kwenye manjano, nikaipa roboti mgongo, nikaanza: hakuna mashine itakayomsukuma mfanyakazi! Roboti iliona miguu yangu, ikasimama kwa heshima hatua mbili nyuma. Mabomba yalikuwa yameshafika.

Nimeangukia katoni za glavu, uso mbele. Suruali imekwisha. Mama Céline ndiye aliyeniinua. Liévin hakucheka hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko mabomba. Uchaguzi umeniponyoka!

Ijumaa, 10 Oktoba
Mimi kura kumi na tisa, Liévin kumi na mbili! Guelor anaeleza kila mahali kwamba Liévin anakaa ofisini, lakini Papa Mwaba amepima hatari kwa matako yake mwenyewe. Mama Céline akaniletea karatasi ya kwanza ya udelege wangu: marufuku kusimama kwenye manjano, marufuku mzigo uliochomoza. Nimetia sahihi kwa fahari, nikiwa wima. Kukaa bado haiwezekani.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimetafakari kutwa, nimelala kifudifudi. Kosa lilikuwa moja tu: niliipa mgongo. Jumatatu nitaitazama usoni. Nimeshamwagiza Guelor atafute mabomba ya mita sita.