Mashimo ya Uwanja wa Ndege na Kidole Changu

Jumatatu, 4 Machi
Bila mimi, jeshi la anga la nchi hii lisingepaa hata kwa kuvutwa kamba. Leo angalau mtu mmoja amelitambua hilo! Mpimaji wa ardhi, binti mwenye buti za mpira, amekuta mifuniko minne ya zege kwenye nyasi za uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi. Chini ya mifuniko, giza tupu. Ramani kimya. Akauliza nani aliwahi kufanya kazi pale. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Nikamweleza: maghala ya siri. Mabomu, kila moja kama ng'ombe mwenye mimba. Nikavua kiatu, nikamwonyesha pengo la kidole changu kidogo, kilichonyofolewa na panga la injini ya ndege vitani. Akaandika yote. Kwa wino!

Fundi Bomba, anayeziba mabomba ya mtaa mzima na kuharibu sifa zangu bure, akasema ndege pekee niliyewahi kumrusha ni kuku wa dada yangu. Wivu.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake kwa muda (mwaka wa tisa sasa), amerudi akifoka. Kikundi chake cha akina mama kimeomba ardhi ya uwanja ule kwa miaka mitatu sasa, walime mboga. Jibu lilikuwa litoke Ijumaa. Sasa pamezungushwa utepe mwekundu: hatari, mabomu! Mpimaji kasema mashimo yasipojulikana ni ya nini kufikia Ijumaa, yatajazwa zege na uwanja wote kuwekwa uzio. Dada akauliza ni mwehu gani kazungumzia mabomu. Nikamwambia dunia imejaa waongo, dada.

Jumatano, 6 Machi
Mpango! Nikamwambia mpimaji asihofu, mabomu yalihamishwa zamani. Niliyabeba mwenyewe, begani. Akauliza niliyapeleka wapi. Nikasema siri ya jeshi. Basi akaongeza utepe kila upande, hadi yapatikane. Umefika hadi kibanda cha Fundi Bomba. Hilo tu ndilo lililonipa raha.

Dada hakugusa chakula. Alikaa kizingitini na kopo mapajani, akichambua mbegu ambazo hana pa kuzipanda.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi chakula kimenishinda. Sahani moja tu. Nikaenda uwanjani, dada nyuma yangu, Fundi Bomba nyuma ya dada, kama msafara wa kiongozi. Nikaruka utepe. Mpimaji akapiga kelele kuwa mzee, utalipuka! Mzee? Miaka hamsini na miwili!

Nikaukwangua udongo kwenye mfuniko wa tatu. Pale pale: unyayo ndani ya zege. Vidole vinne. Nikavua kiatu, nikaweka mguu. Ukaingia kama upanga kwenye ala yake.

Ikabidi niseme. Nilikuwa mbeba ndoo za maji ya kukorogea zege. Siku tatu. Siku ya tatu nikakanyaga zege bichi, msimamizi akanitimua. Yale ni matangi ya maji ya mvua, ya kuzimia moto ndege ikianguka. Njia ya kurukia ndege ina mteremko, mfereji unaingiza humo maji yote. Wakainua mfuniko. Fundi Bomba akatupa jiwe. Chubwi! Tangi limejaa!

Dada akanitazama. Nikajikunyata. Akasema kumbe mdogo wake aliwahi kufanya kazi, hata kama ni siku tatu. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Mpimaji, mchokozi yule, akauliza: kama zege lilinikuta na vidole vinne, vita ilikuwa lini? Nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Ijumaa, 8 Machi
Ardhi wamepewa! Utepe umekatwa, dada kautumia kufungia miche. Fundi Bomba anawawekea pampu. Nimemsimamia kwa karibu, nimekaa kwenye ndoo.

Mchana akaja bwana mkubwa kutoka ofisi ya ardhi. Nikamweleza kuwa matangi yale niliyabuni mimi, na kwamba jemadari alilia siku niliyoondoka. Akasema nyuma ya kibanda cha rada wamekuta ngazi inayoshuka chini, hakuna anayejua inaenda wapi. Mkono wangu ukawa juu!

Kuhusu kidole, nakiandikia kitabu hiki peke yake: kilibanwa na mlango wa banda. Nilikuwa namkimbia bata.