Ndege ya Mumbua Kutoka Bombay

Jumapili, 4 Agosti 1974

Mumbua anarudi! Amesomea uuguzi Bombay miaka minne, na Jumamosi anatua Embakasi, Nairobi. Mama yake ametangaza kanisani. Kijiji chetu kizima cha Kabati kikashangilia. Mimi zaidi, kwa sababu nataka kumwoa. Yeye bado hajui. Atajua uwanjani, nikiwa mbele na shada la maua.

Kivuva wa posta pia anamtaka. Kivuva! Mtu wa kulamba stempu.

Jumatatu, 5 Agosti

Kamati ya mapokezi iliuliza ndege itatua saa ngapi. Barua ya Mumbua inasema tu itaondoka Bombay saa nne asubuhi. Nikainua mkono. Nikaazima ramani ya shule, nikaitandaza juu ya cherehani, nikapima kwa futi yangu ya kushonea. Maili elfu mbili na mia nane! Ndege haisimami njiani kupakia mbuzi, kwa hivyo mwendo ni saa tano na nusu. Inatua saa tisa na nusu. Fundi ni fundi. Wamenichagua mwenyekiti wa msafara.

Jumatano, 7 Agosti

Kivuva amekuja kuniharibia. Ati mwendo ni sawa, lakini Bombay jua huchomoza kabla ya kwetu, na saa zao zimetangulia. Ati ndege itatua saa saba. Nikamuuliza mbele ya kamati kama Mungu aliumba majua mawili. Wakacheka mpaka machozi. Nikapendekeza asipande lori letu, kwa kuwavunja watu moyo. Ikapita. Mwenye wivu ajinyonge!

Jumamosi, 10 Agosti

Lori lilijaa kwaya. Mama Mumbua alikumbatia kitete, kile kibuyu kidogo, kimejaa uji. Tukafika saa tisa kamili, mapema kabisa. Baadaye mlango wa abiria ukafunguka. Kwaya ikapaza wimbo, nami nikafumba macho kwa furaha, nikamvisha shada aliyetokea. Kufumbua, mzee mwenye ndevu za hina! Anaitwa Gabow, anauza ng'ombe Garissa, na alishinda hapo tangu asubuhi akifuatilia mzigo wake. Alishukuru sana. Akasema hajawahi kuimbiwa, akaomba ubeti mwingine. Kisha akatuambia ndege ya Bombay ilitua saa saba.

Aiya! Mama Mumbua aliniangalia, sijawahi kuangaliwa hivyo. Uji akampa Gabow.

Tulirudi Kabati. Mumbua yuko nyumbani, anakunywa chai. Kivuva alipanda basi peke yake alfajiri, akampokea. Moyo uliniuma. Niseme ukweli, uliniuma sana.

Jumapili, 29 Septemba

Kivuva amepeleka mbuzi wa posa kwa kina Mumbua. Wamepokelewa. Harusi ni Desemba. Mimi nasema rubani yule alikimbiza ndege ovyo.

Leo wamekuja wote wawili na kitambaa, nimshonee Kivuva suti ya harusi. Kivuva amesema hana kinyongo. Mumbua akanisihi nimpime vizuri, tena mara mbili. Nikawaambia waende zao wakanywe soda. Mtu aliyepima Bombay hadi Nairobi, kifua cha Kivuva kitamshinda? Nimekata kitambaa kwa macho tu, bila futi.