Hifadhi ya Pamoja na Sura ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya Mkuu wa Mitambo imetangazwa. Karatasi imebandikwa juu ya birika la chai. Wenye sifa ni wawili tu: mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye aliyeniombea kazi hapa. Nimemwambia nampenda kama dada wa tumbo moja, na kwamba nitamshinda. Akasema sawa, akarudi kwenye kompyuta yake. Haropoki, hakasiriki, kila kitu anaandika kwenye daftari. Mtu wa hatari.

Ofisi yetu ni maktaba ya vitabu vya kusikiliza, kwa wasioona. Msikilizaji anapiga simu, anachagua kitabu, na huko kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali tunazokodi, fanksheni moja, kijiprogramu, inaamka, inamchezea sura anayoitaka, kisha inazimika. Hatuna seva ya kukaa macho ikisubiri watu. Shida ni kwamba kila fanksheni huamka mikono mitupu. Inabidi ikabebe kitabu kizima kutoka mbali, na kichumba chake ni kidogo, kitabu kinene hakiingii. Msikilizaji anangoja sekunde arobaini. Mkurugenzi wetu, ambaye mwenyewe haoni tangu utotoni, amezihesabu.

Nimepata wazo. Hifadhi moja ya pamoja! Kabati moja kubwa, fanksheni zote ziunganishwe nalo, kila inayoamka ikute vitabu vimeshapangwa. Uteuzi ni Ijumaa. Nitamaliza Alhamisi. Shemeji sijamwambia. Nilikuwa nacheka peke yangu, akaniangalia, akaandika kitu.

Jumanne, 4 Machi

Ili fanksheni zilifikie kabati, lazima zihamie kwenye mtandao wa ndani. Nimezihamisha zote saba kabla ya saa nne asubuhi. Kazi safi.

Saa tano simu zikaanza. Kumbe fanksheni ikishaingia mtandao wa ndani haioni tena nje mpaka ifunguliwe njia. Ujumbe wa kuwaarifu wasikilizaji kwamba vitabu vyao viko tayari haukutoka hata mmoja. Mkurugenzi akaniita, akauliza ni nani aliyegusa mtandao. Nikamweleza kuhusu mageuzi na uvumilivu. Akauliza tena, neno kwa neno.

Shemeji alifungua njia ya nje ndani ya dakika kumi. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Nyumbani nilikuta mke wangu anajua. Nikamuuliza mdogo wake amemwambia nini. Akasema hajaongea na mtu, ameona tu ninavyokoroga chai isiyo na sukari.

Jumatano, 5 Machi

Kikwazo kipya. Fanksheni zinafika kabatini, zinaambiwa hazina ruhusa. Utaratibu ni kuipa kila moja kitambulisho chake na folda yake, na zile za kusoma tu zisiweze kufuta. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Mimi nimezipa zote ruhusa zote. Nusu dakika. Kisha nikahamisha rekodi zetu zote kwenda kwenye kabati. Sikunakili, nilihamisha. Kunakili ni kwa watu waoga.

Leo alikuja Mtangazaji. Ni mama mstaafu wa redio. Nilipokuwa shule ya msingi sauti yake ndiyo iliyotusomea habari za asubuhi, na baba alikuwa akitunyamazisha wote mpaka amalize. Miaka miwili sasa anatusomea riwaya moja nene, ya sura thelathini na moja, bila malipo. Ana uvimbe kooni. Anapasuliwa kesho. Madaktari wamemwambia asiitegemee sauti baada ya hapo. Kwa hiyo alikuja kusoma sura ya mwisho, na begi lake la hospitali akaliweka chini ya kiti cha studio.

Alisoma dakika arobaini. Hakurudia hata sentensi moja. Alipomaliza, fundi wa studio alibaki na vifaa vyake vya kusikilizia masikioni.

Nikamsindikiza mama hadi mlangoni. Akanishika mkono.

“Hiyo ndiyo ya mwisho, mwanangu,” akasema. “Iweke pazuri.”

Nikamwambia imeshaingia mahali salama kuliko pote tulipowahi kuwa napo. Na ilikuwa imeingia kweli, saa nne juu ya alama. Nikarudi nikamwambia fundi wa studio afute ya kwenye mashine yake, asijaze nafasi bure. Akafuta.

Jioni shemeji akauliza kama nimewasha nakala rudufu kwenye hifadhi mpya. Nikasema ndiyo. Nilimaanisha nimelifikiria.

Alhamisi, 6 Machi, saa tano na nusu asubuhi

Sekunde tatu! Msikilizaji anabonyeza, anahesabu moja, mbili, tatu, kitabu kinaanza. Mkurugenzi amejaribu mara nne na kila mara ametabasamu. Shemeji amenipa hongera, mbele ya watu. Karibu nimwonee huruma.

Limebaki jambo dogo. Fanksheni huacha makapi, vipande vya sauti vilivyokatwa katikati. Tunayo fanksheni ya usafi: kila siku saa sita mchana inafuta kila kilichozidi siku moja. Zamani ilisafisha vile vichumba. Nimeielekeza kwenye kabati.

Alhamisi hiyohiyo, saa kumi jioni

Imesafisha.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuweza kuandika zaidi. Naandika sasa.

Saa sita na dakika mbili kabati lilikuwa tupu. Vitabu mia sita na kumi. Nilikuwa nakula. Niliitwa nikiwa na chakula mdomoni.

Shemeji aliniuliza swali moja tu, nakala iko wapi. Nikamwambia haipo. Akafunga macho kidogo, akafungua daftari. Jumatatu, aliponiona nacheka peke yangu, aliamua kuchukua nakala ya rekodi zote, akaiweka pengine. Alianza kurudisha saa saba, akamaliza saa tisa. Vitabu vyote vimerudi. Kimepungua kitu kimoja tu, ambacho Jumatatu kilikuwa bado hakijasomwa.

Tuliitafuta sura ya thelathini na moja kila mahali. Fundi wa studio aliifungua mashine yake hadi vifaa vya ndani. Mahali pa sura hiyo alikuwa ameshasharekodi matangazo mawili. Hakunitazama.

Mkurugenzi aliweka vidole juu ya meza. Nikaanza kueleza kwamba kitaalamu, hifadhi yenyewe haina kosa. Akanikatiza.

“Nenda ukamwambie mwenyewe,” akasema. “Usipige simu. Hawezi kujibu.”

Uteuzi umefanyika leo kama ulivyopangwa. Shemeji. Watu walipiga makofi. Mimi pia.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipanga kusema mashine iliungua. Nikafanya mazoezi ya maneno hayo njia nzima, mke wangu akiwa pembeni. Mlangoni mwa wodi akaniambia kwamba nikimdanganya yule mama, nisirudi nyumbani. Akakaa kwenye benchi nje.

Kitanda cha tatu, dirishani. Bandeji shingoni, mrija puani. Alinitambua. Alikuwa na kidaftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia yote: ruhusa, usafi, nakala niliyosema ipo kumbe haipo. Sikuitaja mashine kuungua. Nilitamani sana kuitaja.

Akaandika: Sura ya thelathini na moja?

Nikasema ndiyo, hiyo tu.

Akageukia dirisha. Nje mtu alikuwa anaanika mashuka ya hospitali. Alimtazama mpaka akamaliza kamba nzima. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mimi nilishika kiti kama mtu anayepandishwa mlima. Kisha akaandika polepole, akanigeuzia.

Ilikuwa nzuri.

Akalichukua daftari tena.

Isome wewe. Wanangoja mwisho. Usiigize.

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi kando ya mke wangu. Akanipa leso yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma. Mara kumi na moja. Mara ya kwanza nilikohoa, ya tatu niliruka ukurasa, ya sita fundi wa studio alisema napiga kelele kama mnadani. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Alhamisi. Ya kumi na moja imekubaliwa. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, akasema inasikika kama mtu anayesomewa hukumu yake, lakini maneno yote yapo, na watu wamengoja.

Shemeji ameipanga upya hifadhi. Kila fanksheni na kitambulisho chake, za kusoma zinasoma tu, usafi una kibanda chake peke yake. Nakala kila saa. Amenionyesha hatua kwa hatua, kwa upole, akaniambia nisiguse.

Jumatano, 12 Machi

Mzee mmoja amepiga simu. Ameuliza yule bwana wa sura ya mwisho ni nani, na kama ameshapona. Mwingine ameuliza kwa nini mama ametoka ghafla hivyo. Nimewaza sana maneno hayo. Wana haki. Mpito ni wa ghafla mno.

Dawa yake iko wazi. Sura ya thelathini nayo niisome mimi, ili wasikilizaji wazoee taratibu. Pengine na ya ishirini na tisa. Koo langu limeanza kufunguka, hata mke wangu amesema leo nimeongea sana. Na nasikia wanafikiria kutafuta Mkuu wa Studio.

Shemeji atakuwa kwenye semina kesho kutwa. Sitagusa hifadhi yake. Nitaingiza tu sura zangu mahali pa zile za mama, kwa jina lilelile la faili, ili fanksheni zisichanganyikiwe. Nimeomba ruhusa ya kuandika, ya muda, kwa jina la fundi wa studio. Imekubaliwa ndani ya dakika tano. Sijui kwa nini wengine wanaona kazi hii ni ngumu.