Mziba Matangazo wa Tabata

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Habari imeletwa na mke wangu Raudha, tena akicheka. Mama yake, Bi Shamimu, anakuja Alhamisi kutoka Maneromango. Anakuja kuamua kama mtoto wetu wa kwanza atazaliwa hapa Tabata, au Raudha arudi kujifungulia kwao kama ilivyo mila. Akienda ni miezi. Mie nibaki na nani? Chai yenyewe nikipika inanuka moshi. Sitaki aende. Nampenda, basi, nimeandika.

Tatizo ni runinga. Kwao hakuna umeme, kwa hiyo mama mkwe atataka igizo kila jioni. Na katikati ya igizo siku hizi wanatia tangazo la kondomu. Mbele ya mama mkwe! Atasema nyumba haina adabu, atamchukua mwanawe asubuhi yake.

Kuizima haiwezekani. Aliniuzia mzee Remtulla, bosi wangu kiwandani Mikocheni, alipopata mpya. Ukiizima, kuwaka tena ni mpaka yenyewe ipende. Kitufe cha sauti kiling'oka zamani. Na mie siwezi kukaa sebule moja na mkwe. Mkwe hukaliwa mbali. Kwa hiyo nahitaji mtu mwaminifu akae kando ya runinga na kanga mkononi. Tangazo likianza afunike kioo, akohoe mpaka liishe. Akili nyingi hizi sijui nilizipata wapi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemjaribu Mashaka, mwenye duka la pembeni. Mtu wa swala tano. Nikasema huyu ndiye.

Alianza vizuri. Kondomu akaifunika, akakohoa vya kutosha. Bia akaifunika. Likaja tangazo la sabuni ya unga, jamaa kanga kaiweka magotini, kimya. Siagi nayo ikapita. Dawa ya mbu ikapita, na hapo akasimama kabisa kumweleza Raudha kwamba hiyo anayo dukani, mzigo umeingia jana. Nikamuuliza mbona haya hayazibi. Akasema haya ni matangazo mazuri, hayamdhuru mtu.

Raudha kanunua dawa ya mbu. Mashaka nimemwachisha kazi.

Jumatano, 3 Septemba

Leo zamu ya Tabu, shoga yake Raudha. Huyo hauzi kitu. Na kweli, hakupitisha hata moja, hata la unga wa ngano. Mkono mwepesi, kikohozi cha kiungwana. Nikampa soda, nikamuaga kwa amani.

Kabla ya kulala naenda kunawa bombani, akina mama wananipa pole. Pole ya nini? Wanasema wamesikia igizo linaniliza. Wengine wanajua bakuli letu la mchuzi lina ufa, na kwamba mie hujipaka mafuta ya Raudha kisogoni. Kumbe Tabu, mkono unaziba runinga, macho yanazunguka sebule nzima. Sasa mtaa unatujua kuliko tunavyojijua.

Raudha aliniambia niache tu, mama yake si mtu wa kuogopeshwa na tangazo. Nikamwambia hayo aniachie mie.

Alhamisi, 4 Septemba

Bi Shamimu kafika na kuku wawili na mkoba mkubwa. Nimemsalimia shikamoo nikiwa nyuma ya mlango, kama inavyotakiwa. Bahati njema umeme ulikatika hadi usiku. Sijawahi kufurahia giza namna hii.

Mziba matangazo nimempata! Gregori, Mnyamwezi wa Tabora, tunafanya naye kazi Mikocheni. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi: mtani wangu. Mtani hata akichukua kuku wako humkasirikii. Sasa mtu usiyeweza kumkasirikia, si ndiye wa kumwamini? Hoja hii niliisema mara mbili, na Gregori mwenyewe akaikubali.

Ijumaa, 5 Septemba

Natamani ardhi ipasuke.

Nilikaa uani, chini ya dirisha la sebule. Igizo likaenda, tangazo likaja. Gregori akafunika, akakohoa. Nikashusha pumzi. Halafu namsikia Bi Shamimu anamuuliza ana kifua, au anaficha kitu?

Nilisahau jambo moja. Bi Shamimu naye Mzaramo. Kwa hiyo ni mtani wake vilevile!

Gregori hakusita. Akavuta kanga, akamwambia bibi aangalie vizuri, hii ndiyo kondomu. Mkweo, akasema, amenileta nikuzibe macho. Anadhani ukiiona utaanguka uzimie, maana Wazaramo moyo wenu wa kuku. Yule kijana kwenye runinga anaendelea kusifia bidhaa yake.

Bi Shamimu hakucheka. Aliita jina langu kupitia dirishani. Akaniuliza kama najua yeye ni nani Maneromango. Najua. Ni kungwi. Nusu ya wanawake wa kule kawafunda yeye, akiwemo mke wangu. Mambo ya chumbani ndiyo kazi yake. Nilijua siku zote, ila niliona heshima ni heshima. Akasema anayemziba mtu mzima macho amemfanya mtoto, na mwanawe hatazalia kwa mtu wa namna hiyo. Akamwambia Raudha afunge mkoba.

Gregori kaondoka na kuku mmoja. Siwezi kumkasirikia.

Jumamosi, 6 Septemba

Mkoba mlangoni tangu alfajiri. Nimekaa uani, chai haishuki. Nimeumia sana.

Nikasikia Raudha ndani anazungumza na mama yake, polepole. Akasema ni kweli mumewe ana vituko. Lakini mwanamume aliyehangaika wiki nzima, akachekwa na mtaa mzima, kwa kuogopa tu kumkosea mkwe, amwache aende kumtafuta wapi mwingine? Yeye haendi. Kama mama anataka mjukuu azaliwe mikononi mwake, basi abaki mama.

Kisha Bi Shamimu akauliza igizo linaanza saa ngapi.

Nimelia. Tabu alikuwa anapita, najua keshawaambia wote. Wacha wajue.

Jumatatu, 8 Septemba

Mkoba umerudi chumbani. Bi Shamimu atakaa hadi mtoto azaliwe na arobaini ipite. Kiti changu kakichukua. Mie naangalia igizo nikiwa nimesimama nje, dirishani. Nyumba imetulia, mke wangu yupo, kuku aliyebaki tumempika. Alhamdulillahi.

Jana jioni lilikuja tangazo la mafuta ya ngozi. Wasichana wamejifunga kanga moja, wanacheza. Ndio kwanza nasogeza shingo, Bi Shamimu akainuka, akatandaza kanga juu ya kioo. Akasema, bila kugeuka, kwamba mume wa mjamzito hana haja ya kuona viuno vya watu. La bia nalo akaziba. La sabuni ya kuogea pia. Hauzi kitu, hapigi umbea, hapitishi hata kidogo. Wiki nzima nimetafuta mtu wa namna hii na nimempata. Mie nina jicho la kuchagua watu, hilo hata Raudha akatae.

Nimeshapanga. Kesho namleta Gregori akae sebuleni karibu na dirisha, aninong'oneze nyuma ya kanga kuna nini. Ni mtani wangu. Huyo hawezi kuniangusha.