Kamati ya Maji ya Nyanya

Jumamosi, 7 Machi
Aibu tupu. Mkutano kwenye nyumba za wazee, hapa Malvern, Kanada, anakoishi Nyanya. Msimamizi, Valerie, alisema kwa Kiingereza wapangaji wawe waangalifu na maji. Mtafsiri: mimi. Lakini Shaun, mjukuu wa Mzee Leslie, alikuwa akinitazama! (Au saa ya ukutani nyuma yangu.) Ulimi ukateleza. Nikasema jukumu la maji sasa ni la wapangaji. Nyanya akasimama papo hapo. Kama jukumu ni letu, bili nayo ni yetu. Basi iundwe kamati ya maji, kama kule kwao Nkubu. Mwenyekiti: yeye. Mweka hazina: Mzee Leslie.

Jumapili, 8 Machi
Nimekwenda kumwambia ukweli. Nikamkuta bado kajifunga kilemba cha kanisani, anapigia simu orofa zote. Tangu aje Kanada hakuna aliyemuuliza anaonaje. Tena kikao ni Jumatano, na Shaun ndiye humsukuma babu yake kwenye kiti cha magurudumu. Nikanyamaza. Kwa ajili ya Nyanya, bila shaka.

Jumatano, 11 Machi
Nyanya katangaza zamu za kuoga. Mzee Leslie akalalamika kwamba hata Nairobi ya mgao wa maji alioga apendapo. Nyanya akamwambia basi arudi akaogee huko. Sisi vijana tukatumwa mlango kwa mlango kukusanya mchango. Kwenye mlango wa kwanza Shaun akaniambia, "Gonga wewe."
Kwa Kiswahili! Yeye ambaye hata salamu huijibu kwa Kiingereza. Nilipaswa kusema kitu. Niligonga.

Ijumaa, 13 Machi
Valerie kasikia habari za mchango. Maji yamo ndani ya kodi. Mwenye nyumba ndiye hulipa, siku zote. Pesa zirudishwe. Macho yote kwangu. Nikakiri. Shaun akacheka kidogo, akarudi kwenye simu yake. Nyanya hakunigombeza. Ndani ya lifti tu alisema, "Nilikuwa nimeanza kuamka nikiwa na kazi."
Afadhali kofi.

Jumapili, 15 Machi
Nyanya kapiga simu. Kuna mkutano kuhusu joto la vyumba. Valerie alitaka kuleta mtafsiri aliyesomea kazi hiyo, Nyanya kamkatalia.
"Utatafsiri wewe," akasema, kisha akaongeza, "Vilevile ulivyotafsiri maji."
Nikauliza, kama mtu asiyejali, iwapo Mzee Leslie atakuja na wa kumsukuma. Atakuja naye.
Kamati ya Joto itahitaji makatibu wawili. Vijana. Wakae meza moja.