Neno Moja la Kichina Mbele ya Shangazi

Jamani, leo nimeumbuka. Tena nimeumbuka kwa lugha ya watu, mbele ya ukumbi mzima, nikiwa nimemshika Shangazi yangu mkono! Nimekimbilia chumba cha kompyuta cha chuo niwaandikie wote mlio kwenye orodha hii ya barua pepe kabla aibu haijapoa. (Msiisambaze. Nawajua.)

Mnakumbuka niliwaambia kuhusu ile katuni ya Kijapani niliyoinunua kwenye VCD? Ambao hamkusoma, ni hivi. Kuna mji kando ya ziwa, na jua limekataa kuchomoza. Limekasirika, limejifungia pangoni. Wajapani wana kisa cha kale cha namna hiyo, cha mungu wao wa jua aliyejificha pangoni mpaka wenzake wakamtoa kwa kioo na ngoma. Sasa watengenezaji wa katuni wamechukua kisa hicho wakakichanganya na mambo ya Biblia: minara saba yenye majina ya malaika, nyoka wa vichwa saba anayelala chini ya ziwa, mti uliopandwa mizizi juu. Na yupo binti mmoja mwembamba, kazi yake ni kufuta kioo kila siku, maana ipo siku jua litachungulia.

Mimi mtoto wa mchungaji wa Tukuyu, niliyekuja Guangzhou kusomea umeme, niliwasha nikitegemea vijitu vya macho makubwa vikirushiana mateke. Nikajikuta nimekaa kitandani mdomo wazi. Karibu na mwisho binti anapanda mnara wa katikati na kioo chake. Ananyoosha mikono. Mwanga unatoka pangoni, unampiga pale juu, unatanda juu ya ziwa lote, na umbo lake ni msalaba. Hakuna muziki wala neno. Nywele zilinisimama. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko nilivyowahi kumwogopa kanisani, na nililia, na hilo silionei aibu. (Aibu yangu ni ya jambo jingine. Subirini.)

Basi. Shangazi Tumpe, dada yake baba, yuko hapa ananunua nguo za duka lake la Mbeya. Mimi ndiye mkalimani wake. Leo asubuhi amekuja chumbani kwangu kuacha mizigo, akainua macho, akaliona bango la ile katuni juu ya kitanda changu.

"Ambakisye, hiki ni nini?"

"Katuni tu, Shangazi."

"Katuni ina mabawa sita na pembe?"

"Huo ni mnara, Shangazi. Ukifika wakati wake unageuka kuwa..."

"Unalala chini ya sanamu." Akakaa juu ya furushi la jinzi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Jumapili napanda ndege. Nikifika namwambia kaka yangu."

Mnamjua baba. Hagombi. Ataniombea ibadani, kwa jina, kanisa zima likiwa limesimama. Baada ya hapo hata nirudi na digrii mbili, Tukuyu nitabaki yule kijana aliyepotelea China. Lakini kuna kitu kiliniuma zaidi ya hicho. Shangazi alikuwa ameona pembe tu. Mimi nilitaka aone nilichokiona.

Na bahati (niliiita bahati!) leo ilikuwa zamu yangu. Kila Ijumaa jioni Mwalimu Lin, anayetufundisha Kichina, humsimamisha mwanafunzi mmoja mgeni aeleze kwa Kichina kitu anachokipenda, na wanafunzi Wachina huja kusikiliza. Mimi nilikuwa nimechagua katuni yangu. Nikamwambia Shangazi, njoo usikie mwenyewe kama ni sanamu.

"Kwa Kichina? Nitaambulia nini?"

"Utaona picha."

Akakubali, kwa sharti twende kwanza Zhanqian, kwenye masoko ya nguo, tukamalize biashara ya jinzi. Shangazi ana maneno mawili ya Kichina, "laoban," yaani bosi, na "tai gui," yaani ghali mno, na kwa hayo mawili ametikisa maghala. Mengine yote ni juu yangu. Kwa hiyo kutwa nzima ulimi wangu ulikuwa kwenye bei. Bei ya hiki, bei ya kile, punguza bei. Bei kwa Kichina ni "jia." Wekeni hilo akilini.

Jioni ukumbi ulijaa. Shangazi nikamweka kiti cha mbele kabisa, kitenge chake kipya, mkoba mapajani, uso wa hakimu. Nikaonyesha kile kipande cha mnara. Nikamwangalia kwa jicho la pembeni. Binti alipopanda ngazi, Shangazi akaacha kushika mkoba. Mwanga ulipotanda akasema taratibu, "Eh, Yesu."

Jamani, nilivimba! Nikasimama kuhutubia nikijiona nimeshashinda.

Nikaanza vizuri. Pango, sawa. Kioo, sawa. Nyoka na vichwa vyake, sawa, watu wanaitikia kwa vichwa, mmoja anaandika. Nikafika kwenye msalaba. Kwa Kichina msalaba ni "shizijia." Nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya baba akiwa mimbarini: "Na hiki mnachokiona juu ya ziwa ni shizijia!"

Mtu akakohoa.

"Nilipoiona shizijia hii mara ya kwanza, nililia."

Wawili wakainamia madawati. Nikasema moyoni, wameguswa. Nikaongeza moto. Mara nikasikia kicheko kimeponyoka huko nyuma, kile cha mtu aliyejiziba mdomo kwa viganja. Hapo nikapandwa na hasira. Vitu vitakatifu mnavicheka? Mbele ya Shangazi?

"Baba yangu," nikafoka, "ameibeba shizijia maisha yake yote! Kwetu shizijia iko juu ya paa la kanisa! Wafu wetu tunawawekea shizijia kaburini! Na huyu hapa ni shangazi yangu, ametoka mbali, naye hatoki nyumbani bila shizijia shingoni!"

Nikamshika mkono. Shangazi akasimama kwa heshima zote, akageuka kuwatazama watu. Akajua anatakiwa afanye nini, maana nilikuwa nagusa shingo yangu. Akavuta mkufu kutoka ndani ya blauzi, akauinua msalaba wake juu.

Ukumbi ukaanguka. Sitanii. Watu wamelalia madawati, mabega yanatetemeka, wengine wanafuta machozi, na kijana mmoja wa safu ya pili akateleza kutoka kitini akakaa sakafuni.

Mwalimu Lin akaja mbele akifuta miwani. Ni mama mpole, hajawahi kumcheka mwanafunzi, na leo pia alijitahidi sana. Akachukua chaki, akachora msalaba ubaoni. "Shizijia," akasema, na sauti ya mwanzo ikapanda, kama mtu anayeuliza. Kisha akachora tunda, la mviringo, na vijani vyake vinne juu, na pembeni yake alama ya pesa. "Shizi jia," akasema, na sauti ya mwanzo ikashuka. (Kichina ndivyo kilivyo, sauti ikipanda au ikishuka neno linakuwa jingine.) Akanitazama kwa huruma. "Wewe umekuwa ukisema hili."

Shizi ni tunda fulani la hapa, la rangi ya chungwa, umbo kama nyanya, tamu hasa. Huu ndio msimu wake, na yule mama wa getini huniuzia kila siku. Na jia mnaijua.

Yaani nimesimama mbele ya wasomi nikawaambia kwamba juu ya ziwa, katika mwanga wa ajabu, ilitokea bei ya matunda. Kwamba niliiona bei ya matunda nikalia. Kwamba baba yangu ameibeba bei ya matunda maisha yake yote. (Baba, nisamehe!) Kwamba makaburi yetu yote yana bei. Kwamba Shangazi hatoki nyumbani bila bei shingoni. (Hili la mwisho, kwa mtu anayeshinda Zhanqian, lina ukweli wake.)

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu Lin ndiye aliyeniokoa. Akasema tuzime taa, turudishe kile kipande, na safari hii asiseme mtu.

Tukakiona tena. Binti, ngazi, kioo. Mikono ikanyooka. Mwanga ukaja, ukatujaa usoni sote, na watu wale wale waliokuwa wamelala kwa kicheko wakanyamaza kabisa. Hakukohoa mtu. Nilikuwa nimekiona kipande kile hata sijui mara ngapi, na bado nywele zilisimama. Nyuma yangu msichana mmoja akanong'ona lile neno, sauti ikipanda sawasawa. Shangazi akaushika mkono wangu akaubana, kama alivyokuwa akinibana utotoni radi ikipiga. Nikasahau aibu yangu yote. Kwa dakika mbili tu, lakini niliisahau.

Tulipotoka nje nikajikaza.

"Shangazi, kuhusu kumwambia baba..."

"Nitamwambia." Akaurudisha mkufu ndani ya blauzi. "Nitamwambia mwanawe anahubiri kwa Kichina mpaka Wachina wanalia na kuanguka chini! Nimewaona kwa macho yangu haya. Na yule mwalimu wenu kaokoka, siyo? Kawachorea ubaoni na tunda la Edeni, wajue dhambi imetoka wapi."

Nikampokea mkoba wake, tukaendelea na njia. (Ningefanyaje? Ninyi mngefanyaje?)

Tukafika getini kwa mama wa matunda. Kundi la wanafunzi kutoka ukumbini likatupita, wakanitambua, wakapunga mikono: "Shizi jia! Shizi jia!" Mimi nikaangalia viatu. Shangazi akasimama katikati ya njia. Akauvuta mkufu, akauinua msalaba, akaitikia kwa sauti yake yote ya kwaya, na matamshi aliyojifunza kwangu:

"Shizijia!"

Mama wa matunda, mtu wa biashara, hakuchelewa. Akamwinulia vidole vitatu. Yuani tatu.

Shangazi akavitazama vile vidole, machozi yakamlenga. "Utatu," akaniambia. "Baba, Mwana na Roho. Hata wauza matunda, Ambakisye!"

Anatua Dar Jumatatu. Atakayekwenda kumpokea uwanjani, akisalimiwa kwa lile neno, namwomba aitikie amina. Na asicheke.