Kichwa Kinachojua Pa Kusimama

Gwamaka alifika kijiweni kwa Shabani akicheka peke yake, na mtu anayecheka peke yake kabla hajanunua kahawa huyo ana umbea mzito. Sisi wengine tulishakaa kwenye benchi nje ya duka, pale Kyela mjini nyuma ya soko, mimi katikati kama kawaida. Wananiita Spika, kwa sababu nisipogawa zamu za kuongea hakuna anayesikia kitu.

"Oya, mmesikia ya kule Ipyana?" Gwamaka akaanza. Huyo tunamwita Mtandao. Kila kitu duniani ameshakisoma kwenye simu, isipokuwa meseji za mke wake. "Video ya harusi ya mtoto wa Mzee Anyelwisye imeonyeshwa jana. Watu wametapika!"

"Chakula kibovu?" Shabani akauliza huku anamimina kahawa.

"Chakula gani? Video! Kamera inaruka, mara dari, mara keki, mara pua ya mchungaji. Kuna bibi alidhani yuko kwenye mtumbwi wa kule Lyulilo, Ziwa Nyasa limechafuka, akaomba ashushwe!"

Benchi zima likacheka, kasoro Dulla. Video ile aliipiga yeye. Tangu asubuhi alikuwa ameikumbatia stendi yake ya kamera utafikiri ina homa. Jina lake la kijiweni ni Tetemeko, na sasa mnajua kwa nini.

"Tatizo siyo mimi," Dulla akasema. "Tatizo hiki kidude cha juu, kichwa cha stendi, hapa kamera inapofungwa. Nikikizungusha kinakwama. Nikiongeza nguvu kinaruka. Nikiachia kinarudi nyuma, kama kimesahau kitu nyumbani."

"Ulinunua cha bei chee," Mtandao akasema. "Vichwa vya maana vina mafuta mazito ndani, ndiyo yanafanya kamera iende taratibu. Nimesoma."

"Hata boksi la hiki liliandikwa kina mafuta! Nimekifungua, hamna hata tone. Plastiki kavu."

"Si ununue cha maana basi?" akasema Shabani.

"Cha maana mpaka niuze kamera. Sasa juu yake nitafunga nini, birika lako?"

Nikagonga kikombe kwenye benchi. "Tulieni! Tetemeko, watu kutapika ni kitu kidogo. Mbona una sura ya msiba?"

Hapo ndipo akatoa yote. Kwa watu wa huku, baba mkwe na mkamwana hawatazamani uso kwa uso. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Mzee Anyelwisye hajalegeza hata uzi. Kwenye harusi ile alikaa kona yake, bibi harusi kona yake, na Dulla aliambiwa kamera ikitoka kwa bibi harusi isimame kabla haijamfikia mzee. Kichwa kikakwama. Dulla akasukuma. Kikaruka moja kwa moja mpaka kwa mzee, kikarudi nusu, na wote wawili wakatokea kwenye picha moja, wanatazamana wakiwa na vipande vya ndizi mkononi.

"Jana mzee alipojiona," Dulla akasema, "alipita dirishani."

"Dirishani!" Zebedayo akapaza sauti. Huyu ni fundi baiskeli, tunamwita Spoku. "Ana miaka mingapi yule?"

"Ya kutosha kutumia mlango! Na Jumamosi mtoto wake wa pili anamuoa Prisca wa kule Ikolo. Mzee kasema anakuja hapa leo. Nimuonyeshe kichwa kinachokwenda taratibu na kinachosimama, au kazi anampa mtu wa Tukuyu. Jamani, hiyo ndiyo kazi pekee niliyonayo msimu huu. Nikiikosa, naenda kuvuna mpunga wa watu."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Mikono ya Dulla na mpunga haijawahi kukutana hata kwa bahati mbaya, ukitoa kwenye sahani.

Spoku akasimama. "Mwanangu, nina habu, kile kitovu cha tairi la mbele. Inazunguka laini mpaka unaionea aibu. Tunaisimamisha juu ya stendi, tunajaza grisi, kwisha kazi."

"Na kusimama?" nikauliza.

"Spika, anza na kwenda. Kusimama kunakuja kwenyewe."

Akakimbilia kibandani kwake, akarudi na habu pamoja na kipande cha tyubu. Grisi ilikuwa imeisha.

"Shabani, una mafuta gani dukani?"

"Mawese tu."

"Lete hayo hayo!"

"Yanafaa kwa kamera?" Dulla akauliza kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari habari mbaya.

"Mbona kwa maharage yanafaa?" Spoku akajibu, na kwa mshangao wangu hakuna aliyemtoa makosa. Hata Mtandao, labda kwa sababu hilo hakulisoma popote.

Habu ikanyweshwa mawese mpaka yakachuruzika kwenye miguu ya stendi. Kamera ikafungwa juu yake kwa tyubu. Dulla akaiwasha, Spoku akaigusa kwa kidole kimoja. Ikaondoka. Jamani, ilikwenda laini! Ikapita benchi, ikapita duka, ikapita barabara, ikarudi kwetu, ikapita tena.

"Mugonile!" Salamu ya Kinyakyusa ikatoka nyuma yetu. Mzee Anyelwisye, na koti lake la harusi na ibada, japo jua lilikuwa linachoma.

"Ndaga, tata! Karibu, mzee, ona mwenyewe," Spoku akaitikia akitabasamu mpaka magego.

Mzee akaitazama ikizunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dulla akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Na hapo hapo mlangoni pa duka akatokea Prisca wa Ikolo, na sukari yake mkononi.

Prisca alimwona mzee, akajifunika kanga, akazama nyuma ya mikungu ya ndizi iliyoegemezwa mlangoni. Mzee akamwona Prisca, akageukia upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na kamera.

"Hii inapiga?"

"Inapiga, mzee," Dulla akajibu kinyonge.

"Imeshampata yule?"

"Imeshampata. Na wewe inakuja."

Mzee akaruka nyuma ya kamera. Kamera ikamfuata, akasogea. Ikamfuata tena, akaongeza mwendo. Akawa anaizunguka stendi huku ameshika kofia, na kila mara kamera ilipotaka kupunguza kasi, Spoku anaigusa kwa fahari: "Ona ulaini huo, tata!"

"Ishike, Spoku!" nikapiga kelele.

"Inateleza! Ina mawese!"

"Dulla, zima!"

"Kitufe kinanipita, Spika!"

Shabani aliokoa birika lake kwanza, ndipo akaivika kamera kikapu cha kashata. Ikasimama. Mzee naye akasimama, anahema, ameshikilia stendi kwa nyuma. Dulla alikuwa ameshakaa chini kwenye vumbi, macho yanatafuta njia ya kwenda kwenye mpunga.

Mzee akaitazama ile mashine juu mpaka chini.

"Nimezunguka kote," akasema. "Kuna mahali pamoja tu ambapo hii kitu haimuoni mtu. Hapa nyuma, kwa anayeishika."

"Kweli, mzee," Dulla akasema.

"Basi Jumamosi kamera naishika mimi."



"Lakini mzee," Mtandao akasema, "anayeshika kamera si anamtazama bibi harusi?"

"Nitafumba macho."

"Utajuaje pa kusimama?"

"Huyu fundi atanifungia kamba ya tyubu. Ikifika mwisho, nimefika mwisho."

Tukakubali wote, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Na mimi, tata?" Dulla akauliza. "Kazi yangu imekwenda?"

"Malipo yako palepale. Ila kiti cha baba mkwe hakiwezi kukaa kitupu mbele ya watu wa Ikolo." Mzee akavua koti, akamvisha Dulla mabegani. "Utakaa wewe."

Dulla alikuwa bado anajitazama kwenye lile koti, hajui acheke au alie, sauti ikatoka nyuma ya mikungu ya ndizi.

"Baba mkwe Dulla, naomba ugeuke huko, nipite na sukari yangu."

Dulla akageukia ukutani.